Uso Uliolaliwa

Msomaji mwenzangu, kuna mambo mawili ambayo mtoto wa kike wa Dar es Salaam hufundishwa juu ya wanja kabla hata hajajua kusoma. La kwanza, usitoke nje ya mstari. La pili, ukitoka, uufute haraka kabla watu hawajaanza kuuliza una nini. Mimi nimekulia Magomeni, nyumba ya kupanga yenye wapangaji sita na kioo kimoja tu cha maana, kile cha kwenye kabati la mama mwenye nyumba. Siku ya harusi dada zangu walipanga foleni mbele ya kioo hicho, kila mmoja na kijiti chake cha wanja wa manga, wakizuia pumzi kana kwamba wanatunga uzi kwenye sindano. Mkono ukitetemeka, pamba na mafuta ya nazi, anza upya. Kwetu uzuri ni mstari. Nyusi mstari, mdomo mstari, kope mstari, hata njia ya kichwani kati ya msuko na msuko ni mstari.

Leo nataka kuwaandikia juu ya uso ambao mstari wake umevurugwa kwa makusudi. Huko ulikotoka wanauita granji, jina la muziki uliouzaa.

Kwanza nijieleze, maana najua kuna watakaouliza huyu naye katoka wapi. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja kama yalivyokuja, nikapata kibarua katika saluni moja ya Sinza. Mchana nasuka na kupaka watu. Usiku naandika riwaya kwenye kaunta buku. Sasa niko kwenye kaunta buku la tatu na mhusika wangu bado hajavuka Ubungo, lakini hayo ni yangu na yeye.

Basi, siku moja akaingia binti wa rika langu, amevaa shati la drafti la mtumba linalomfika magotini na raba zilizochoka. Anapiga gitaa la besi katika bendi ya watu wanne, watoto wa mjini wenye kupenda roki, ambao kila mwisho wa mwezi hupewa nafasi kwenye baa fulani Mikocheni. Akanionyesha picha kwenye simu. Mwanamke wa Kizungu, nywele kama kiota, macho yamezungukwa na weusi uliotambaa, mdomo mwekundu umevuka mpaka wake. Nikajua baadaye kuwa ni Courtney Love.

"Nataka uso kama nimelala nao," akasema. "Siyo nimelala leo. Nimelala nao jana, halafu sijali."

Dada mwenye saluni alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Ati mteja analipa ili apakwe vibaya! Akaniachia mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwenye kusoma soma.

Nami nikasoma. Mji wenyewe ni Seattle, kaskazini-magharibi mwa Marekani, mji wa mvua na baridi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 vijana wa huko walikuwa wakipiga muziki mzito kwa vyombo vya bei rahisi, na nguo zao zilikuwa zile walizoweza kuzinunua: mashati ya wakata miti, suruali zilizopasuka, masweta ya wazee kutoka maduka ya nguo zilizovaliwa. Kwa lugha yetu, mitumba. Septemba 1991 bendi ya Nirvana ikatoa albamu ya Nevermind na dunia nzima ikageuza shingo. Ghafla umaskini wa nguo ukawa fasheni. Novemba 1992 mbunifu Marc Jacobs, aliyekuwa akifanya kazi katika nyumba ya mitindo ya Perry Ellis, alipandisha wanamitindo jukwaani New York wakiwa wamevaa granji. Mashati yale ya drafti yalikuwa hariri! Hariri iliyochapwa miraba ili ifanane na shati la mkata miti. Wenye kampuni hawakufurahi, na mwaka uliofuata kazi yake pale ikaisha. Mwaka 2018 aliitoa upya mikusanyo ileile, na safari hii hakufukuzwa na mtu.

Nilipolisoma hili nilitoka nje nikacheka peke yangu. Pale Mchikichini, Ilala, wauzaji wanakata marobota, na katika kila robota hukosi shati la drafti la Marekani, zito, la kuvaliwa kwenye theluji. Kwetu watu hulikwepa kwa sababu ya joto, na muuzaji hulitupa kwenye fungu la bei ya mwisho. Yule binti wa gitaa alilipata la kwake huko. Pengine lilikuwa la mkata miti wa kweli, nani ajuaye.

Lakini mimi ni mtu wa nyuso, turudi kwenye nyuso. Wanawake wa muziki ule walifanya jambo ambalo wanaume hawakulifanya. Mwanamume alijiacha tu, hakunyoa, hakuchana, basi akawa granji. Wanawake kama Kat Bjelland wa Babes in Toyland na huyo Courtney Love wa bendi ya Hole walichukua vitu vya mwanasesere, gauni fupi la kitoto, kibanio cha nywele, mdomo mwekundu, kisha wakavichana na kuvivuruga na kupanda navyo jukwaani wakipiga kelele. Hawakukataa urembo. Waliuvaa mpaka ukapasuka. Na albamu ya Hole ya Live Through This, iliyotoka Aprili 1994, ina picha ya mshindi wa mashindano ya urembo, taji kichwani, maua mikononi, anafurahi na kulia kwa wakati mmoja, na maskara imemchuruzika mashavuni. Picha hiyo niliitazama muda mrefu. Mwaka huohuo wa 1994 ndio mashindano ya Miss Tanzania yalipofufuliwa baada ya kupigwa marufuku kwa miaka mingi. Kule wanachora taji juu ya wanja uliomwagika, huku ndiyo kwanza tunalirudisha taji.

Haya, kazi. Watu hudhani kuvuruga ni rahisi. Eti paka, futa nusu, toka nje. Jaribu uone! Utafanana na mtu aliyekata vitunguu.

Unaanza na ngozi, na ngozi unaiacha iwe ngozi. Fandesheni nzito ya bibi harusi haiko hapa, kwani uso ukishakuwa ukuta uliopakwa chokaa, ule uvurugaji juu yake unaonekana kama uchafu wa ukutani. Mafuta kidogo, poda kwenye paji na pua, basi. Kisha penseli laini ya wanja, hata ile ya shilingi elfu moja inafaa, unaiviringisha katikati ya vidole mpaka ipate joto. Unapaka ndani ya kope ya chini na juu, mwingi kuliko unavyodhani ni halali. Mwambie mteja afumbe macho kwa nguvu mara tatu. Akifumbua, wanja umeshajipeleka wenyewe pale unapotaka kwenda, nawe unaufuata kwa kidole cha pete, maana ndicho chenye mkono mwepesi, ukiuvuta kushuka chini kidogo sana, upana wa punje ya mchele. Wengi huharibu hapo. Wanavuta mpaka shavuni.

Maskara unapaka mara mbili, na ikiwa bado mbichi unazibana kope kwa ncha za vidole zigandane mafungu mafungu. Mdomo unaupaka rangi iliyokolea, unaung'ata na karatasi, halafu unaupitisha kidole kwenye kingo mpaka usijue mdomo unaishia wapi na uso unaanzia wapi. Baadaye unamwagizia mteja chai ya rangi. Nasema kweli. Mdomo unaotoka kwenye kikombe cha chai haupatikani kwa brashi yoyote. Na mwisho, subiri. Nusu saa. Uvurugaji mbichi unajulikana, kama andazi lililotolewa mapema.

Sasa kuna tatizo ambalo zile picha hazikuambii. Wale wanawake ni weupe kama karatasi, na weusi wa wanja kwao unapiga kelele kutoka upande wa pili wa barabara. Mpakie binti mweusi vilevile, wanja unazama. Unabaki kivuli, na kivuli chini ya jicho kwetu kinasema "sijalala" au "naumwa", hakisemi "sijali". Siku ya kwanza nilishinda saa mbili nikijaribu juu ya mkono wangu mwenyewe. Kilichofaa ni rangi iliyo ndani ya weusi: damu ya mzee, zambarau iliyoiva, kahawia ya kutu, shaba kidogo. Unaanza na wanja mweusi kwenye kope, kisha unaupandishia hizo kwa nje, na juu ya kope ya juu unagusa mafuta ya mgando yang'ae kama mtu aliyetoka mvuani. Hapo uso mweusi unaanza kuongea. Na mimi nasema, unaongea vizuri kuliko ule wa kwenye simu, maana una rangi nne pale wao walipo na mbili.

Halafu kuna jua. Seattle mvua, Dar Februari! Ukimpaka mtu wanja wa mafuta saa tisa alasiri bila kuufunga kwa poda, akishuka kwenye daladala kazi yote iko kidevuni. Jua nalo linavuruga, lakini halina kipimo. Kwa hiyo huu uso wa "sijali" unahitaji kufungwa, poda juu ya wanja, tabaka kwa tabaka, kwa uangalifu kuliko ninavyomfunga bibi harusi. Dada mwenye saluni alipoona hilo aliacha kucheka. Akaniambia, "Kumbe ni kazi."

Mwaka 1996 huko California ikaanzishwa kampuni ya vipodozi iitwayo Urban Decay, yaani kuoza kwa mji, na rangi zake wakaziita majina kama Moshi Mchafu, Kutu na Mende. Mende! Nikajaribu kufikiria mama wa Manzese akiingia dukani kuomba lipstiki ya Mende, na mende halisi anampita miguuni. Mchezo huu unamnogea zaidi yule ambaye nyumbani kwake hakuna mende.

Na hapa ndipo lilipo jambo lenyewe ninalotaka kulisema, ndugu msomaji, na sitalizunguka.

Uso si wako peke yako. Mtaani kwetu uso wa mwanamke husomwa kama ubao wa matangazo. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha Operesheni Vijana, iliyoanza kazi Januari 1969: sketi fupi marufuku, mawigi marufuku, dawa za kujichubua marufuku, suruali za kubana marufuku. Vijana wakasimama barabarani kukagua watu. Bibi mmoja wa pale nyumbani aliyekuwa msichana miaka hiyo aliniambia kuwa kilichomwudhi si kukatazwa, ni kukaguliwa na mtu aliyemjua toka anatambaa. Operesheni imekwisha zamani, wakaguzi wapo. Wapo dirishani, wapo kwenye kiti cha nyuma cha daladala. Na uso uliovurugika wanausoma kwa njia mbili tu.

Njia ya kwanza: teja. Huko Ulaya na Marekani katikati ya miaka ya 1990 wapiga picha walipenda wanamitindo waliokonda, macho yameingia ndani, kama watu wanaotumia unga. Mei 1997 Rais Clinton mwenyewe alisimama akalaani fasheni hiyo, miezi michache baada ya kijana mpiga picha wa New York, Davide Sorrenti, kufariki. Sisi unga hatukuuona kwenye majarida. Tuliuona kwa majirani. Kliniki ya methadone ya Muhimbili ilianza mwaka 2011, na mtaani kwetu kuna watu wawili waliokuwa wakidamka kila siku alfajiri kuiwahi. Ukimpaka mtu macho ya kuingia ndani, mama yake mmoja wa hao akimwona, hatasema fasheni.

Njia ya pili ni kupigwa.

Wasichowaambia wateja watu wa saluni ni kwamba tunapokea wanawake wa Jumatatu. Huja mapema, kabla foleni haijaanza, na mtandio umeshushwa. Hawasemi kitu na sisi hatuulizi. Tuna kikopo cha rangi ya chungwa kwa ajili yao, kwani zambarau ya ngozi iliyovilia damu haifichwi na fandesheni peke yake, inabaki kijivu. Inabidi uifunike kwanza kwa rangi ya chungwa, kisha fandesheni, kisha poda. Siku za mbele jeraha hubadilika, linaelekea kijani, kisha manjano, na wewe unabadilisha unachoweka juu. Mimi nilijifunza rangi hizo kwao. Zambarau iliyoiva, damu ya mzee, kijani cha shaba. Sikujua kuwa najifunza granji.

Mmoja wao, mama wa makamo, alikuwa kwenye kiti changu Jumatatu moja wakati picha ya majaribio ya yule binti wa gitaa imebandikwa pembeni ya kioo. Niliipiga mwenyewe na nilikuwa najivunia. Akaitazama, nami nikimpapasa poda polepole chini ya jicho.

"Na huyu nani kampiga?"

"Hajapigwa, mama. Kajipaka. Ni mtindo wa wanamuziki."

Akanyamaza. Nikamaliza jicho. Alipofungua pochi kulipa, akaiangalia tena ile picha.

"Mimi nakulipa unitolee," akasema, "mwenzangu anakulipa umtilie. Mnachezea vitu vya watu, wanangu."

Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira ningejibu, maana mdomo ninao. Nilimpa chenji yake, nikasema karibu tena mama, neno ambalo kwa mteja wa namna ile ni baya kulisema, ila ndilo lililozoea kutoka.

Nilimsimulia binti wa gitaa Alhamisi yake. Nilitegemea angetetea muziki. Akakaa kimya, akizungusha pete kidoleni, kisha akaniambia kuwa mama yake mzazi alikuwa mtu wa Jumatatu pia, miaka yote ya utoto wake, na hodari kweli kwa poda. Hakuna jirani aliyewahi kujua. "Wote walimsifu ngozi," akasema. Ndiyo maana hataki uso wa kuficha. Akipanda jukwaani anataka watu waone kitu kimetokea, hata kama hawajui nini.

Sasa mnaona mtego niliomo? Wote wawili wako sawa, na wote ni wateja wangu.

Katika hadithi nyingi za mitaani ninazozisoma, na baadhi nazipenda, msichana hulia kurasa tatu na wanja wake haujamwagika. Mvua inamnyeshea, mpenzi anamkimbia, anatupwa nje ya gari Kimara usiku, na ukurasa unaofuata "uso wake uling'ara kama mbalamwezi". Mwandishi amempiga poda. Amefanya ile kazi yetu ya Jumatatu. Upande wa pili wapo wanaotaka mhusika avujwe damu kila ukurasa ili msomaji asisimke, na hao ndio mama yule aliowaambia wanachezea vitu vya watu. Mimi naamini katikati yake kuna kipimo, upana wa punje ya mchele, na hupatikana kwa mkono, hakipatikani kwa maneno.

Tulikaa, mimi na yeye, tukatunga masharti ya uso wake. Macho yote mawili, daima, na kwa usawa, kwa sababu ngumi huchagua jicho moja. Hakuna rangi juu ya mfupa wa shavu wala pembeni ya mdomo, maana huko ndiko mikono ya watu hufika. Na juu ya kope ya juu, katikati ya vurugu yote, mstari mmoja wa wanja wa manga, mwembamba, mkali, usiotetemeka, kama ule wa dada zangu mbele ya kabati, ili anayetazama vizuri aone kuwa aliyefanya hivi alikuwa na kioo, na muda, na hakuwa anakimbia. Ile picha niliibandua kwenye kioo. Nimeiweka kwenye kaunta buku.

Mwisho wa mwezi nilimpaka kwa saa moja na nusu. Nawaambieni, ulitoka. Dada mwenye saluni alizunguka kiti mara mbili, akasema, "Huyu mtu kakataa kitu," na sijasikia sifa nzuri kuliko hiyo. Alilipa shilingi elfu kumi na tano na kunikaribisha niende kuwasikiliza.

Usiku ulishaingia tulipotoka. Kijana wa bodaboda pale kona alisogeza pikipiki, taa yake ikampiga usoni yule binti. Akamtazama. Akazima injini kabisa, kitu ambacho bodaboda hawafanyi.

"Pole sana, dada," akasema.

Binti akaangua kicheko. Mimi sikucheka. Yule kijana alitutazama kwa zamu, mara mmoja mara mwingine, akingoja tumwambie waende wapi kwanza, kituoni au hospitali.

"Mikocheni," binti akasema. "Tuna shoo."

Tukapanda mshikaki, mimi katikati, gitaa mgongoni kwake.